Simu ya kabila: Walakota wa Cheyenne River na ruhusa waliyonyimwa

Mwaka wa 1958, kabila la Wasioux wa Cheyenne River, katika jimbo la Dakota Kusini huko Marekani, lilinunua simu. Si ile simu ya kuweka sikioni. Lilinunua shirika la simu lenyewe: nguzo, nyaya, kituo cha kuunganishia watu na madeni yake yote. Ndilo linalohesabiwa kuwa kabila la kwanza katika inchi ile kumiliki shirika lake la simu.

Wakati huo watu wa Cheyenne River walikuwa na taabu zingine kubwa kupita simu. Serikali kuu ilikuwa inajenga bwawa la Oahe kwenye mto Missouri, na kwa sheria ya mwaka wa 1954 ilichukua hekta karibu 42,000 za ardhi yao, ile ya bondeni, yenye miti, malisho mazuri na makaburi. Makao ya utawala yaliyokuwa kando ya mto yalihamishwa hadi Eagle Butte, mji mdogo juu ya uwanda wa nyasi na upepo. Watu waliozoea kukaa jirani wakatawanyika. Eneo lao linapita kilometa za mraba 10,000, na wakati wa baridi theluji hufunga barabara. Katika mahali kama pale, kukosa simu ni kukosa daktari.

Msomaji wa huku kwetu anahitaji kufafanuliwa neno moja kabla ya kuendelea, kwa sababu neno «kabila» linaweza kumpoteza. Katika sheria ya Marekani, kabila linalotambuliwa ni serikali. Lina baraza linalochaguliwa, korti, polisi, na mara nyingi mapatano ya zamani yaliyotiwa saini na serikali kuu. Si sawa na usultani wa huku, ambao ni chombo cha utawala ndani ya jimbo. Kabila la kule haliko chini ya jimbo. Linasimama pembeni yake, na juu yao wote wawili kuna Washington. Ugomvi wote wa simu ulitokea kwenye ufa huo kati ya jimbo na kabila.

Kwa nini makampuni makubwa hayakupeleka nyaya kule? Jibu ni hesabu. Mjini, kilometa moja ya waya inaweza kuhudumia nyumba mia; uwandani, kilometa kumi zinahudumia nyumba moja, na mwenye nyumba hana fedha nyingi. Sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1934, iliyounda tume ya FCC, ilisema simu ifikie watu wote wa Marekani kadiri inavyowezekana. Mwaka wa 1949 Bunge liliongeza mikopo ya serikali ya bei nafuu kwa mashirika ya simu ya vijijini, na vyama vya wakulima vikajitandikia nyaya zao. Maeneo ya makabila yalibaki nyuma. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1990 ilionyesha kwamba katika maeneo hayo ni asilimia 47 tu ya nyumba za wenyeji zilizokuwa na simu, wakati asilimia ya inchi nzima ilikuwa 94. Hiyo ni miaka 56 baada ya ile ahadi ya 1934.

Basi makabila mengine yakafuata njia ya Cheyenne River. Huko Arizona, Watohono O'odham waliiongezea kazi ya simu mamlaka yao iliyokuwa inagawa umeme. Watu wa Gila River walianzisha shirika lao mwaka wa 1988. Fort Mojave na Waapache wa San Carlos nao wakajiunga. Mara nyingi njia ilikuwa ileile: kampuni kubwa inayo kituo cha zamani ambacho hakiiletei faida, kabila linataka kukinunua, bei inapatikana. Lakini kuuziana kituo cha simu si kuuziana mbuzi. Wauzaji na wanunuzi wakishakubaliana, bado kuna meza ya msimamizi.

Meza hiyo ndiyo iliyowashinda Walakota.

Mwisho wa mwaka wa 1994, kampuni ya U S WEST, mojawapo ya makampuni saba yaliyozaliwa wakati kampuni kubwa ya AT&T ilipovunjwa mwaka wa 1984, iliamua kuuza vituo 67 vya vijijini katika Dakota Kusini. Wanunuzi walikuwa mashirika madogo ya mahali. Shirika la simu la Cheyenne River lilikubaliana nayo kununua vitatu: Timber Lake, ulio ndani ya eneo la Cheyenne River, pamoja na McIntosh na Morristown, iliyo katika eneo la jirani zao wa Standing Rock. Muuzaji alitaka kuuza. Mnunuzi alikuwa na uzoefu wa miaka 36, na alikuwa jirani.

Sheria ya jimbo ilisema kituo hakiuzwi bila ruhusa ya tume ya jimbo ya huduma za umma. Tume ilipaswa kupima faida ya umma, ubora wa huduma, bei, simu za dharura, uwezo wa mnunuzi kuleta mitambo ya kisasa, na malipo ya kodi. Vingi vya vituo vile 67 vilipata ruhusa. Mwaka wa 1995 tume ilikataa vile vitatu vya kabila.

Sababu zake hazikuwa kwamba Walakota hawajui kuendesha simu. Tume ilisema shirika la kabila ni mkono wa serikali ya kabila; jimbo halingeweza kulitoza kodi ya mapato ghafi wala kulisimamia kama linavyosimamia mengine, na kama lingekataa, halingeweza kushitakiwa kirahisi, maana kabila lina kinga. Na katika vituo vile kulikuwa wateja wengi wasio wa kabila. Nani angewatetea kama bei ingepanda?

Swali hilo la mwisho linastahili kujibiwa kwa haki, maana halikuwa la uongo. Ila lazima kuuliza pia wale wateja wasio wa kabila walifikaje pale. Sheria ya mwaka wa 1887 iliruhusu serikali kuu kukata ardhi za makabila vipande vipande na kumgawia kila mtu chake; «kilichobaki» kilifunguliwa kwa walowezi. Cheyenne River ilifunguliwa kwa sheria ya mwaka wa 1908. Tangu hapo shamba la Mlakota likapakana na la mzungu, kama viraka kwenye nguo. Mwaka wa 1984 Korti Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Solem na Bartlett, kwamba sheria ile ya 1908 haikupunguza eneo la Cheyenne River: mipaka ni ileile ya zamani. Kwa hiyo jimbo lilikuwa linakataa mauzo kwa sababu ya mchanganyiko wa watu ulioletwa na sheria, ndani ya mipaka ambayo korti ilikuwa imethibitisha miaka michache tu kabla.

Kabila lilikwenda kortini. Shauri lilidumu hadi mwaka wa 1999, Korti Kuu ya Dakota Kusini ilipoamua kwamba tume ilikuwa na haki ya kuangalia kodi na uwezo wake wa kusimamia, na kwamba ukataaji wake unasimama. Mwaka mmoja nyuma, Korti Kuu ya Marekani ilikuwa imesema katika shauri la kabila la Wakiowa kwamba kinga ya kabila inafika hata kwenye biashara zake nje ya eneo lake. Ulikuwa ushindi kwa makabila yote. Lakini hofu iliyotajwa na tume ya Dakota Kusini ilihusu kinga hiyohiyo. Ngao inayomlinda mtu njiani inaweza kumzuia kupita mlangoni.

Ikabaki njia ya Washington. Sheria mpya ya mawasiliano ya mwaka wa 1996 ilikuwa imesema jimbo lisizuie shirika lolote kutoa huduma ya simu. Kabila na U S WEST, mnunuzi na muuzaji pamoja, waliomba FCC iiweke kando sheria ya Dakota Kusini. Jambo la ajabu ni muda. U S WEST yenyewe ilimezwa na kampuni ya Qwest mwaka wa 2000, na ombi bado lilikuwa mezani. Jibu lilitoka mwaka wa 2002: FCC ilikataa. Miaka karibu minane ilikuwa imepita tangu mapatano yafanywe.

Lakini tume hiyohiyo ya FCC ilikuwa imefungua mlango mwingine, na hapa habari inageuka. Sheria ya 1996 iliweka mfuko wa huduma kwa wote: makampuni yote yanachangia, na mashirika yanayohudumia sehemu zenye gharama kubwa yanasaidiwa. Ili kupata msaada, shirika lilipaswa kuteuliwa rasmi, na aliyepewa kazi ya kuteua ni tume ya jimbo. Waandishi wa sheria walisahau jambo moja. Mashirika ya makabila hayakuwa chini ya tume ya jimbo. Basi nani angeyateua? Kuanzia tarehe 1 Januari 1998, asiyeteuliwa hapati kitu. Kwa shirika dogo la jangwani, hilo lilikuwa sawa na kukatiwa maji.

Marekebisho yalitiwa saini tarehe 1 Desemba 1997, mwezi mmoja tu kabla ya mlango kufungwa. Yaliongeza kifungu kimoja kifupi: shirika lisilo chini ya jimbo liteuliwe na FCC. Mwaka wa 1998 FCC ikateua manne kwa pamoja: Fort Mojave, Gila River, San Carlos na Tohono O'odham. Hakukuwa na magazeti makubwa kupigia kelele jambo hilo. Hata hivyo kifungu kile kimoja kilifanya kazi kupita hotuba nyingi.

Kulikuwa mtego wa pili, uliojificha kwenye kanuni. Mtu akinunua kituo, anarithi kiasi kilekile cha msaada alichokuwa anapata muuzaji. Inaonekana ni haki, hadi unapotazama hesabu. Kampuni kubwa inachanganya gharama za mji na za kijiji katika jimbo zima. Wastani unatoka mdogo, na msaada wake ni kidogo au hakuna. Kabila likinunua kile kipande cha kijiji peke yake, linabeba gharama zote za kijiji na msaada wa mtu wa mjini. Waapache wa Mescalero, huko New Mexico, walikutana na mtego huu waliponunua nyaya za kampuni ya GTE zilizo katika eneo lao. Waliomba kuondolewa kanuni ile, pamoja na ruhusa ya kuhesabiwa kama eneo la pekee. Mwanzoni mwa mwaka wa 2001 FCC ilikubali. Bila neno lile, ununuzi wao ungekuwa mzigo mtupu.

Mwaka wa 2000, FCC ilikuwa imetangaza kwamba itashauriana na makabila kama serikali na serikali, na ikaongeza hadi dola 25 kwa mwezi katika msaada wa bili kwa watu maskini wanaoishi kwenye ardhi za makabila. Wengi waliweza kuwa na simu ya nyumbani kwa dola moja kwa mwezi. Hesabu ya watu ya mwaka huohuo, kama ilivyochambuliwa baadaye na wakaguzi wa Bunge, ilionyesha simu katika asilimia 69 hivi ya nyumba za wenyeji kwenye maeneo ya makabila, ukiiacha Alaska. Kutoka 47 ni hatua. Inchi nzima ilikuwa kwenye 98.

Kuhusu Standing Rock, ambako vituo viwili kati ya vile vitatu vipo, wao hawakungoja nyaya. Walianzisha shirika lao la simu zisizo na waya, na mwaka wa 2010 FCC ililiteua kupokea msaada wa mfuko kwa njia ya kifungu kile cha 1997. Eneo lao linakata mpaka wa majimbo mawili, Dakota Kaskazini na Kusini. Kama wangepitia kwa majimbo, wangepiga magoti mara mbili.

Baada ya nyaya, ugomvi ulihamia hewani. Masafa ya mawimbi yanayopita juu ya ardhi za makabila yalikuwa yanapewa makampuni mengine kwa leseni, na makampuni hayo yaliweza kukaa nayo bila kujenga mnara hata mmoja. Tarehe 3 Februari 2020 FCC ilifungua nafasi ya pekee: makabila ya vijijini yaliweza kuomba bila kununua, kabla ya mnada, masafa ya gigahezi 2.5 ambayo hayakuwa na mwenyewe juu ya ardhi zao. Wiki chache baadaye Korona ikafunga shule, na watoto wakaambiwa wasome kwa intaneti ambayo haikuwapo. Makabila yaliomba muda zaidi. Nafasi iliongezwa kwa mwezi mmoja, hadi tarehe 2 Septemba. Maombi yalipita 400.

Desemba 2020 Bunge lilitenga dola bilioni moja kwa intaneti ya kasi ya makabila, na Novemba 2021 likaongeza bilioni mbili. Katika awamu ya kwanza, iliyokuwa na kiasi cha dola milioni 980, maombi kupita 280 yaliingia, yakiomba jumla ya zaidi ya dola bilioni 5. Huko Eagle Butte, shirika lililonunuliwa mwaka wa 1958 bado ni mali ya kabila, na bado ndilo linalopeleka simu na intaneti kwa watu wake.