Mkusanyo wa Magitaa ya David Gilmour

Mkusanyo wa magitaa ya David Gilmour ulikuwa hazina binafsi ya ala za nyuzi, nyingi zikiwa magitaa ya umeme, ambazo mpiga gitaa na mwimbaji huyo wa kundi la Uingereza la Pink Floyd alizinunua, akazipiga na kuzitunza kwa karibu miaka 50, kabla ya kuuza sehemu kubwa ya hazina hiyo katika mnada mmoja ulioendeshwa na kampuni ya Christie's mjini New York tarehe 20 Juni 2019. Mnada huo uliingiza dola za Marekani 21,490,750, na mapato yake yakaelekezwa kwa ClientEarth, shirika la hisani la wanasheria wanaotetea mazingira kwa kutumia sheria na mahakama. Wingi wa fedha hizo ndio ulioufanya mkusanyo ujulikane hata na watu wasiosikiliza muziki wa roki. Kwa historia ya gitaa la umeme, hata hivyo, uzito wake unatokana na jambo jingine: ulikuwa mkusanyo wa fundi aliye kazini, ambaye hakusita kutoboa, kung'oa na kubadilisha sehemu za ala zake kila sauti aliyoitafuta ilipomlazimu kufanya hivyo, na gitaa alilolibadilisha kupita yote ndilo lililothaminiwa kupita yote.

Gilmour alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Machi 1946, akajiunga na Pink Floyd mwanzoni mwa 1968, wakati afya ya Syd Barrett, mwanzilishi na mpiga gitaa wa kwanza wa kundi hilo, ilipokuwa imedhoofika. Gitaa alilokuja nalo lilikuwa Telecaster nyeupe ya kampuni ya Fender, zawadi ya wazazi wake alipotimiza miaka 21, nalo lilipotea mwaka huohuo safarini Marekani. Mwaka 1970, kundi likiwa tena katika ziara nchini humo, vyombo vyake viliibwa mjini New Orleans, na Gilmour akaingia katika duka la Manny's, mtaa wa West 48th mjini New York, akanunua Stratocaster nyeusi iliyotengenezwa mwaka uliotangulia. Msingi wa mkusanyo wote, kwa hiyo, ni gitaa lililonunuliwa kwa sababu kazi ilikuwa inangoja na vifaa havikuwapo. Halikuchaguliwa kwa sababu ya uzee wake wala uhaba wake, maana wakati huo lilikuwa bidhaa ya kawaida ambayo mteja yeyote mwenye fedha angeweza kuichukua kutoka ukutani.

Ili kuelewa kwa nini gitaa la namna hiyo hubadilishwa kwa urahisi, na kwa nini mabadiliko madogo husikika, yafaa kukumbuka jinsi gitaa la umeme linavyotoa sauti. Chini ya nyuzi zake za chuma hukaa pikapu, yaani kifaa chenye sumaku kilichozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba iitwayo koili. Uzi unapotikisika juu ya sumaku huvuruga uga wa usumaku, na mvurugiko huo huzalisha ndani ya waya mkondo dhaifu wa umeme unaofuata mtikisiko wa uzi, nao hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa hadi kuweza kusukuma spika. Pikapu iliyo karibu na shingo hunasa mtikisiko mpana na kutoa sauti nene, ilhali ile iliyo karibu na daraja, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa mkono unaopiga, hutoa sauti kali na ya kukata. Stratocaster, ambayo Leo Fender na wenzake waliiingiza sokoni mwaka 1954 kutoka Fullerton, California, ina pikapu tatu, na daraja lake huweza kuinamishwa kwa fimbo ndogo iitwayo mkono wa tremolo, hivi kwamba mpigaji hulegeza au kukaza nyuzi zote kwa pamoja na sauti ikapanda na kushuka kama ya mwimbaji. Vipande vyake vimeunganishwa kwa skrubu badala ya gundi: shingo hutoka, bamba la plastiki linalobeba pikapu hufunuliwa, na mtu mwenye bisibisi na subira anaweza kubadilisha karibu kila kitu.

Gilmour na fundi wake Phil Taylor, aliyeanza kumtunzia vyombo mwaka 1974, walifanya hasa hivyo. Gitaa la 1969, ambalo baadaye lilijulikana duniani kwa jina la Black Strat, lilibadilishwa shingo mara kadhaa. Bamba lake jeupe liliondolewa mwaka 1974 na nafasi yake kuchukuliwa na bamba jeusi, ndipo likapata sura ambayo mashabiki wanaikumbuka. Mwaka 1979 pikapu ya karibu na daraja ilibadilishwa kwa ile iliyotengenezwa na Seymour Duncan. Swichi ndogo iliongezwa ili pikapu ya shingo iweze kusikika pamoja na ya daraja, mchanganyiko ambao gitaa lilipotoka kiwandani halikuuruhusu. Na mkono wa tremolo ulifupishwa ili ukae ndani ya kiganja cha mpigaji wakati vidole vyake vikiendelea kukwanyua nyuzi. Badiliko hili la mwisho ni dogo kwa macho, lakini huenda ndilo linaloeleza mengi zaidi kuhusu mpigaji mwenyewe, kwa sababu mtindo wa Gilmour hautegemei kasi. Unategemea noti chache zinazovutwa, kutikiswa na kuachwa zining'inie, na mkono mfupi ulimwezesha kufanya hivyo bila kuhamisha mkono wake. Mwaka 1983 daraja la asili liliondolewa, mbao zikachongwa ili kupachika daraja la kampuni ya Kahler, na baadaye hilo nalo likatolewa na shimo kuzibwa kwa mbao. Yeyote anayefahamu soko la magitaa ya kale atatambua uzito wa kitendo hicho, kwa kuwa katika soko hilo mchongo mmoja usio wa kiwandani huweza kushusha thamani ya ala kwa kiasi kikubwa.

Orodha ya kazi zilizofanywa na gitaa hilo moja inatosha kuwa historia ya kundi zima. Linaonekana katika filamu ya maonyesho ya Pink Floyd iliyopigwa mwaka 1971 ndani ya magofu ya Pompeii, Italia, ambako kundi lilipiga bila hadhira. Linasikika katika albamu za The Dark Side of the Moon (1973), Wish You Were Here (1975), Animals (1977) na The Wall (1979), na ndilo lililopiga solo ya wimbo Comfortably Numb, ambayo wapiga gitaa wa vizazi vilivyofuata wameisoma noti kwa noti kama mwanafunzi wa chuo anavyosoma matini yake. Mwaka 1986 liliazimishwa kwa mgahawa wa Hard Rock Cafe wa Dallas likawekwa kama pambo, likakaa huko hadi miaka ya mwisho ya 1990, na baada ya kurejeshwa lilikarabatiwa na kuwekwa kabatini. Lilitoka tena tarehe 2 Julai 2005, siku wanamuziki wanne wa Pink Floyd, akiwemo Roger Waters aliyekuwa amejitenga na kundi kwa miongo miwili, walipopanda jukwaa moja Hyde Park, London, katika tamasha la Live 8.

Katika miaka ambayo Black Strat ilikuwa nje ya kazi, nafasi yake ilishikwa na Stratocaster nyekundu iliyotengenezwa mwaka 1984 kwa kufuata umbo la magitaa ya 1957, ikiwa na pikapu za EMG. Pikapu hizo huendeshwa kwa betri na hupunguza ule mvumo unaosumbua magitaa yenye pikapu za koili moja, hasa panapokuwa na taa nyingi na nyaya nyingi jukwaani. Ndiyo iliyozunguka naye katika ziara kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1980 na ile ya 1994 iliyofuata albamu The Division Bell, na mnadani ilifikia dola 615,000, ingawa kwa umri na aina yake, ikitenganishwa na mikono iliyoipiga, ilikuwa gitaa la kawaida kabisa.

Kinyume chake kilikuwa Stratocaster nyeupe ya mwaka 1954 yenye vyuma vya rangi ya dhahabu, ambayo bamba lake la chuma linaloshikilia shingo limechongwa namba 0001. Namba hiyo haimaanishi kwamba ndiyo Stratocaster ya kwanza kutengenezwa, kwa sababu katika miezi ya mwanzo kiwanda hakikufuata mpangilio wa namba kwa ukali na tayari magitaa mengine ya aina hiyo yalikuwa yametoka. Hata hivyo ni miongoni mwa ala chache ambazo mkusanyaji yeyote, hata asiyejua kupiga, angezitamani. Ilipitia kwa Seymour Duncan, kisha kwa Phil Taylor, ambaye Gilmour aliinunua kwake. Jambo la kuvutia ni kwamba hata hii haikufungiwa kwenye kioo: ilitumika studioni kupiga rithimu ya Another Brick in the Wall, Part 2, na mwaka 2004 Gilmour alipanda nayo jukwaani Wembley, London, katika tamasha la kuadhimisha miaka 50 ya Stratocaster. Solo ya wimbo huohuo ilipigwa kwa gitaa la kampuni pinzani, Gibson Les Paul ya mwaka 1955 yenye uso wa rangi ya dhahabu na pikapu za P-90, ambazo ni za koili moja lakini pana, zenye sauti nzito kuliko za Fender. Gitaa lilichomekwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia, na hapo ndipo unapotoka ule ukavu na ukaribu wa sauti ambao msikilizaji huuhisi hata kabla ya kujua sababu yake.

Zilizobaki zilikuwa nyingi na za aina tofauti, kuanzia Gretsch White Penguin ya 1958, ambayo ni adimu sana na iliuzwa kwa dola 447,000, sawasawa na Les Paul iliyotajwa, hadi magitaa ya kulaza ambayo hupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Yalikuwamo pia magitaa yasiyo ya umeme, na makala hii haiwezi kuliruka moja: Martin D-35 ya 1969, aliyoinunua mtaani nje ya duka la Manny's mwaka 1971, ikasikika katika wimbo Wish You Were Here na hatimaye kuuzwa kwa dola 1,095,000.

Kuuza mkusanyo kwa ajili ya hisani hakukuanza na Gilmour. Eric Clapton aliuza magitaa 100 kupitia Christie's mjini New York mwaka 1999, akauza mengine mwaka 2004, ili kugharimia kituo cha Crossroads alichokianzisha Antigua kwa ajili ya watu wanaopambana na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Stratocaster yake iitwayo Blackie, ambayo aliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye vipande vya magitaa matatu, ilifikia dola 959,500. Mnada wa Clapton ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba wanunuzi wako tayari kulipia maisha ya ala kuliko usafi wake. Mnada wa 2019 ulilithibitisha hilo kwa kiwango ambacho wenye mnada wenyewe hawakukitarajia, kwani walikuwa wameikadiria Black Strat kuwa na thamani ya dola 100,000 hadi 150,000, nayo ikauzwa kwa dola 3,975,000, pamoja na ada ya mnunuzi. Namba 0001, iliyo adimu zaidi kwa vigezo vyote vya wakusanyaji, ilipata dola 1,815,000, ambayo haifiki hata nusu ya bei hiyo. Gitaa lililochongwa, likabadilishwa shingo, likawekewa swichi na kuzibwa mashimo, ambalo kwa kanuni za soko lilipaswa kuwa limeharibika, lilikuwa kwa siku hiyo gitaa ghali kuliko yote yaliyowahi kuuzwa mnadani. Rekodi hiyo ilidumu hadi Juni 2020, Martin D-18E ya Kurt Cobain ilipouzwa kwa dola milioni 6.01.

Huenda mtu akauliza kwa haki kama mkusanyo uliokua pamoja kwa nusu karne haukustahili kubaki pamoja, katika jumba moja la makumbusho, badala ya kutawanywa kwa siku moja kati ya wanunuzi wa nchi mbalimbali. Hoja hiyo ina nguvu, kwa sababu magitaa haya yanaelezana: Les Paul ya 1955 haieleweki vema pasipo ile nyeupe iliyopiga rithimu kando yake katika wimbo mmoja. Kwa upande mwingine, kabla ya kuuzwa yalionyeshwa kwa umma London, Los Angeles na New York, na kila moja liliandikiwa historia yake kwa undani ambao ala nyingi za wanamuziki wakubwa hazijaupata. Kwa Black Strat kazi hiyo ilikuwa imetangulia, kwa kuwa Phil Taylor alikwisha kuiandikia kitabu kizima kinachofuata kila badiliko, na mwaka 2008 Fender ilitoa nakala zake zilizofuata vipimo hivyohivyo, ikiwemo ile swichi ndogo na ule mkono mfupi, na kuzitia mikononi mwa wapigaji wasioweza kamwe kuifikia ya asili.

Aliyeinunua Black Strat alikuwa Jim Irsay, mmiliki wa timu ya futiboli ya Marekani ya Indianapolis Colts, ambaye siku hiyohiyo alinunua pia Martin D-35, akaziweka pamoja na magitaa mengine mashuhuri, likiwemo lile liitwalo Tiger la mpiga gitaa Jerry Garcia. Irsay, aliyefariki Mei 2025, alikuwa akiutembeza mkusanyo wake katika miji mbalimbali ya Marekani kwa maonyesho ambayo watu waliingia bila kiingilio, na katika maonyesho hayo Black Strat ilichomekwa tena kwenye amplifaya na kupigwa mbele ya watu.