Vyuo vya Ufundi vya Vijijini nchini Kenya: Kutoka Karakana hadi Cheti

Sera ya mafunzo ya ufundi kwa vijana wa Kenya ilizaliwa ikiwa na doa ambalo serikali zilizofuata hazikufaulu kulifuta. Mwaka 1909 Profesa J. Nelson Fraser, aliyetakiwa na utawala wa kikoloni kutoa ushauri kuhusu elimu, alipendekeza Waafrika wafundishwe kazi za mikono, na sababu ya msingi haikuwa ya kificho: tangu kujengwa kwa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, useremala, uashi na uhunzi ulikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi, ambao walowezi waliuona ujira wao kuwa ghali. Miaka kumi na mitano baadaye tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki ikisifu mfano wa Hampton na Tuskegee, vyuo vya Marekani vilivyowaandaa Weusi kwa kilimo na ufundi. Wazazi hawakuhitaji tume kuwaonyesha kwamba kijana aliyejua Kiingereza alipata ukarani ilhali mwenye randa alibaki kibarua, na shule huru za Wakikuyu zilizoenea katika miaka ya 1930 zilidai elimu ya vitabu kwa sababu hiyohiyo.

Uhuru ulipopatikana, upanuzi wa shule za msingi ulizaa kundi jipya, yaani vijana waliomaliza darasa la saba bila nafasi katika shule ya upili wala kazi mjini. Mwaka 1966 suala hilo lilijadiliwa katika mkutano wa Kericho kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya vijijini, na mwaka huohuo Baraza la Kikristo la Kenya likatoa ripoti iliyouliza vijana hao wafanye nini baada ya shule. Ni katika ripoti hiyo, wala si katika wizara yoyote, ndimo lilimotoka wazo la chuo cha ufundi cha kijiji.

Wazo lenyewe lilikuwa la kijasiri kuliko jina lake. Chuo kilikusudiwa kuwa cha gharama ndogo, kisimamiwe na kamati ya wenyeji, kitumie mafundi wa eneo hilo kuwa wakufunzi, na kifundishe kile tu ambacho wakazi wangekilipia, iwe ni ufyatuaji wa matofali, ushonaji, ufuaji wa bati au useremala. Soko la stadi moja likishajaa, kozi yake ingefungwa na nyingine kufunguliwa. Hapakuwa na mtihani wa mwisho, kwa kuwa kipimo cha mafunzo kilikuwa uwezo wa mhitimu kujipatia riziki bila kuhamia Nairobi. (Wasichana, hata hivyo, walisukumwa zaidi kwenye cherehani, jambo ambalo waasisi hawakulitilia maanani ipasavyo.)

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliupokea mpango huo, ikaanza kulipa sehemu ya mishahara ya wakufunzi, na idadi ya vyuo ikaongezeka haraka. Msaada huo ulihitajika, lakini uliandamana na mvuto wa majaribio ya ufundi ya serikali, yaani mitihani ya vitendo iliyompanga fundi katika madaraja matatu, Daraja la III likiwa la chini kabisa, na ambayo ilikusudiwa hasa kwa wafanyakazi wa viwanda na kampuni. Wanafunzi waliyataka, wazazi wakayadai, na mameneja wa vyuo wakakubali, kwani cheti kilikuwa tiketi ya ajira ya mshahara. Hivyo kijana aliyepaswa kujifunza kutengeneza mlango wa bei ambayo jirani yake angeimudu akaanza kufanya mazoezi ya viungo vya mbao alivyovipima mtahini. Lawama haiwezi kuwekwa kwa wazazi peke yao, maana serikali iliyohubiri kujiajiri iliendelea kuwapandisha ngazi watumishi wake kwa vyeti.

Kosa hilo lilirudiwa kwa kiwango cha taifa zima baada ya tume ya Mackay ya 1981, ambayo mapendekezo yake yalileta mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Sanaa na ufundi, sayansi ya nyumbani na kilimo viliingizwa katika mitihani ya shule za msingi, wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana, na nyingi kati ya hizo zikakosa vifaa. Wakati huohuo jua kali, yaani mafundi wa karakana za wazi ambao ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuwa umeitambua sekta yao katika ripoti ya 1972, waliendelea kufunza wanagenzi wao kwa utaratibu ambao sera haikuubuni.

Katiba ya 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Vyeti ambavyo wahitimu wake wanavitafuta bado vinatolewa na taasisi za kitaifa.