Aliyeshika Futi: Magogo ya Kusini na Swali la Kupasua au Kuuza

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulikoma kuwa kizuizi. Kabla yake, msafiri wa Kilwa, Lindi na Mtwara alitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea safari ilikuwa ya kubahatisha. Daraja hilo husimuliwa kama ukombozi wa Kusini, na wanaosimulia hivyo hawakosei. Lakini miongoni mwa mizigo iliyolivuka kwa pupa ilikuwa magogo: mninga, mkongo, mpangapanga, mpingo.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilichapisha uchunguzi wake kuhusu biashara hiyo. Lilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mrabaha ambao serikali ingeweza kukusanya ulipotea, na kwamba China ilisajili bidhaa za misitu kutoka Tanzania mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe ilisajili kuziuza huko. Tumezoea kuzisoma tarakimu hizi kama habari ya rushwa, na rushwa ilikuwapo. Hata hivyo, chini yake kuna swali la kale zaidi: gogo likishalala chini, ni nani anayejua thamani yake?

Mwenye gogo ana njia mbili kuu. Anaweza kuliuza kama lilivyo, au kulipasua na kuuza mbao. Ili achague, hana budi kujua kilichomo ndani, na gome halisemi. Mninga wenye umbo la kupendeza unaweza kuwa na moyo uliooza kwa sababu ya moto wa nyika uliopita shinani miaka mingi nyuma. Mvule huweza kuficha mawe ya chokaa yanayovunja meno ya msumeno. Tabaka jeupe la nje la mninga huliwa na wadudu, kwa hiyo fundi hununua kiini tu, ingawa mizani ya lori hubeba vyote. Gogo lililoachwa juani bila kivuli hupasuka nchani, na kila wiki ya kusubiri mnunuzi hupunguza urefu wa ubao utakaopatikana.

Kisha kuna hesabu, na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu wa historia wavumilie. Chukua gogo la kipenyo cha sentimeta 50 na urefu wa mita 2. Ujazo wake ni takriban mita za ujazo 0.39. Mpimaji akiandika 45 badala ya 50, ujazo unashuka kwa asilimia 19, kwa sababu katika kanuni ya ujazo kipenyo huzidishwa kwa chenyewe. Kidole gumba kilichosogea kidogo juu ya futi kimemeza karibu sehemu ya tano ya fedha ya kijiji, na katika daftari hakuna gogo lililoibwa. Kinyume chake pia ni kweli. Shimo la sentimeta 20 katikati ya gogo hilo ni asilimia 16 tu ya ujazo, lakini linaondoa zile mbao pana ambazo ndizo zenye bei. Msumeno wa duara unaokula milimita 6 kila unapopita hugeuza karibu sehemu ya tano ya mti kuwa unga ukipasua mbao za milimita 25. Msumeno wa mkanda mwembamba wa milimita 2 hula chini ya asilimia 8.

Ujuzi huu haukuwa siri. Wakati wa Waingereza, mivule ya nyanda za juu za Rondo, Lindi, ilivunwa na kupasuliwa na kampuni, na mti ulipimwa kwa makini kwa sababu anayepima na anayefaidika walikuwa upande mmoja. Mwanakijiji alihitajika kwa mabega yake. Sheria ya Misitu ya 1957 iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na ile ya 2002, na kwa miaka yote hiyo, nchi ikiwa koloni kisha huru, mrabaha ulikuwa mazungumzo baina ya mwenye leseni na ofisi. Kijiji kilisikia mti ukianguka.

Mwaka 2004 serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje ya nchi. Hoja ilikuwa njema: tupasue wenyewe, ajira na thamani vibaki nyumbani. Siipingi, ila ninashuku wepesi wake. Marufuku huamua kwa niaba ya kila gogo kwamba linastahili kupasuliwa. Mashine mbovu ikipewa mninga mzuri hutoa kuni nyingi na mbao zenye unene usiolingana. Thamani haikuongezwa hapo, imeteketezwa kizalendo. Na sheria inapokataza gogo pekee, mfanyabiashara mwerevu hulichonga pande nne, kisha ubishi unahamia kwenye maana ya neno ubao.

Mpingo unaonyesha ugumu huu kuliko miti mingine. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, shina lake huwa fupi na lenye kupinda, na ni kiini cheusi tu kinachotakiwa na watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya. Kwa soko hilo, sehemu kubwa ya gogo hubaki takataka. Lakini gogo lile lile lenye tundu na pindo, analolikataa mnunuzi wa ala za muziki, ndilo mchongaji wa Kimakonde huligeuza kuwa kinyago. Basi bei ya gogo haitajwi kabla ya kujua linakwenda mikononi mwa nani.

Sheria ya 2002 ilifungua mlango ambao mjadala wa marufuku uliufunika. Kijiji chenye msitu wake wa hifadhi uliotangazwa rasmi kinaweza kuusimamia, kuvuna kwa mpango na kubaki na mrabaha. Wilayani Kilwa, vijiji vilivyofanya kazi na shirika la MCDI, Kikole kikiwa kimojawapo, viliingia mwaka 2009 katika cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Kilichonivutia zaidi ya cheti ni utaratibu wenyewe: kamati ya kijiji huhesabu na kupima miti ikiwa bado imesimama. Mnunuzi akifika, daftari la kijiji limekwisha kuandikwa, na futi iko mkononi mwa mwenyeji.