Kanda Tatu za Dar es Salaam na Biashara ya Barazani

Mji wa Dar es Salaam, ambao Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kuujenga katika miaka ya 1860 kwa nia ya kujipatia bandari yake mwenyewe barani, haukuwa umekatwa vipande kwa sheria yoyote hata ulipoingia mikononi mwa Wadachi, yaani Wajerumani. Nao, mwaka ule ule wa 1891 walipoufanya makao makuu ya serikali yao, wakatoa amri ya ujenzi iliyougawa mji sehemu tatu. Upande unaoelekea bahari haikuruhusiwa nyumba ila ya namna ya Ulaya. Nyuma yake zikaruhusiwa nyumba za vifaa madhubuti. Na kwingineko, ambako hakuna aliyejali kupatazama sana, mtu akaachiwa kujenga kwa miti, udongo na makuti. Aliyeisoma amri ile kwa haraka angedhani kwamba inahusu kuta na mapaa tu, wala haina shughuli na riziki ya mtu. Kumbe hakuna sheria ya biashara iliyopata kuwa na nguvu kama hiyo, kwa sababu anayeambiwa kwamba duka la mahali fulani sharti liwe la mawe, naye hana fedha ya mawe, amekwisha kuambiwa asifungue duka mahali hapo.

Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliirithi kazi hii na kuikamilisha. Wadachi walikuwa wamenunua shamba kubwa magharibi ya mtaa wa Wahindi kwa madhumuni ya kuwahamishia wenyeji huko, lakini vita vya 1914 viliwakatiza. Shamba likawa kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza, na jengo ambalo Wadachi walikuwa wameliinua katikati yake likafanywa soko mwaka 1923. Ndiyo Kariakoo. Katika miaka hiyo ya 1920 kanda tatu zikathibitishwa upya, na kati ya ile ya pili na ya tatu ukaachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, mtupu, ambao maafisa waliusifu kwa sababu za afya. Kwa kuwa Tanganyika walikabidhiwa kama amana na Shirikisho la Mataifa, haikuwa vyema kuandika katika kanuni kwamba huyu Mzungu akae hapa na yule Mwafrika kule. Basi wakaandika habari za matofali na fito, na fito zikafanya kazi iliyokusudiwa. Wenyeji hawakuhitaji kusoma kanuni: walisema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, yakaisha.

Lakini kanda ya tatu ilikuwa na jambo ambalo wachora ramani hawakulitia maanani. Nyumba ya Kariakoo aghalabu ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi uliopita katikati toka mlango wa mbele hata uani, imeezekwa makuti au madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa na kupigwa bapa, na mbele yake ina baraza. Baraza hiyo ilikuwa mahali pa kupokelea wageni, hapana shaka, lakini ilikuwa pia duka lisilo na mlango wala leseni ukutani. Alfajiri hukaa mama wa vitumbua na karai lake, amewasha mkaa kabla ya adhana kumalizika. Jua likipanda, mahali pake pakashikwa na mtu wa mafungu ya nyanya na bamia, au fundi wa cherehani aliyekubaliana na mwenye nyumba kwa shilingi chache za mwezi. Na baada ya magharibi akapita muuza kahawa, dele mkono mmoja na vikombe vikigonganishwa mkono wa pili, akatua palipo na watu wengi wanaozungumza. Mkaa uliuzwa kwa mafungu, mafuta ya taa kwa vipimo vidogo, sigara moja moja. Mnunuzi aliyelipwa kwa siku hakuweza kununua kwa namna nyingine, na muuzaji asiye na akiba hakuweza kuuza kwa namna nyingine. Biashara ile ilikuwa imekatwa kwa kimo cha mifuko ya mtaa.

Tusiseme, hata hivyo, kwamba Uswahilini kulikuwa pepo ya wafanya biashara wadogo. Maduka yenye rafu na mizani, hata huko huko Kariakoo, mengi yalikuwa ya Wahindi na Waarabu, na sababu haikuwa hila wala bidii peke yake. Mwenye nyumba ya udongo alikikalia kiwanja chake kwa kodi, pasipo hati ambayo tajiri angeikubali kuwa rehani. Na fauka ya hayo, sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa kwa kisingizio cha kuwahifadhi na madeni, ilimfanya mwenye mali ya jumla asite kumkopesha Mwafrika hata gunia moja la mchele, maana asipolipwa hana pa kwenda kudai. Kanda ilimnyima mtu dhamana, na sheria ya mikopo ikamwadhibu kwa kukosa dhamana. Kisha akaja bwana afya, ambaye kwake karai la barazani ni uchafu na sahani ya samaki wa kukaanga ni hatari kwa umma, akimwaga na kutoza faini. Na mchuuzi wa kutembeza naye akatakiwa awe na leseni.

Baada ya uhuru kanda za rangi zilifutika upesi kuliko kanda za nyumba. Sheria ya 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi walionyang'anywa walikuwa wa mtaa wa Wahindi. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege yaliyopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa ili kuteka maji ya mvua. Ila mwaka 1983 ilipokuja sheria ya Nguvu Kazi, waliokamatwa mitaani kwa madai ya kutokuwa na kazi walikuwa pamoja na wachuuzi, wajukuu wa wale wale wa barazani.

Leo ramani haiulizi tena nyumba imejengwa kwa nini, bali ardhi inatumiwa kwa nini, na mwenye nyumba ya kukaa anayetaka kuuza unga dirishani sharti aombe kibali cha kubadilisha matumizi. Nyumba za vyumba sita za Kariakoo karibu zote zimebomolewa na kusimamishwa maghorofa, ambayo chini yake zimepangwa fremu zenye kodi ambayo mama wa vitumbua hawezi kuifikiria, na baraza haimo katika michoro yake. Biashara iliyokuwa barazani ikashuka hatua tatu, ikatandaza turubai kando ya barabara. Mwezi wa Oktoba 2021 wachuuzi hao, waitwao machinga, waliamriwa kuondoka kwenye njia za waenda kwa miguu na kwenda katika maeneo waliyotengewa. Na miongoni mwa waliokuwa wakiwalalamikia ni wenye fremu, ijapokuwa baadhi ya wenye fremu hao hao ndio waliokuwa wakiwapa mali ya kutembeza.