Bogoro: Barabara ya Kukimbilia

Barabara iliyo mbele yako inateremka hadi Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Ukiifuata upande wa pili, kilomita 25 hivi, unafika Bunia.

Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003, wanamgambo wa FRPI na FNI waliishambulia Bogoro. Waliosalimika walijificha porini; wengine walivuka ziwa kwenda Uganda, wengine wakaelekea Bunia, mji ambao nao ulikuwa unawaka. Mei mwaka uleule, kambi ya turubai iliota kando ya uwanja wake wa ndege.

Mwaka 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru wahanga 297 wa shambulio hilo walipwe fidia: dola 250 kila mmoja (kiasi cha ishara tu), pamoja na msaada wa makazi, elimu na kipato.