Magaga: ufa wa kisigino si wa kudharauliwa

Kwetu Pwani magaga ni jambo la kutaniana. Mimi niliyaona kwa jicho jingine nilipokaa Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon huko Bungoma, ambako upepo wa kiangazi hukausha ngozi na wengine hulima miguu mitupu.

Ngozi ya wayo haina vitezi vya mafuta. Ikikauka huwa ngumu, na uzito wa mwili ukiikandamiza, kisigino hupasuka. Ndara zilizo wazi nyuma, kusimama kutwa na uzee huzidisha. Kisukari pia.

Ufa ni mlango wa vijidudu. Tena kwenye udongo mwekundu wa volkano, anayetembea peku miaka mingi anaweza kuvimba miguu ikafanana na ya matende. Hayo si matende yetu yaletwayo na mbu, lakini miguu hiyo yote hutunzwa kwa njia moja: kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa na kuvishwa viatu.

Kwa magaga, roweka miguu katika maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Ya moto sana hukausha zaidi. Sugua taratibu kwa jiwe, futa hadi kati ya vidole, kisha paka Vaseline au mafuta ya nazi papo hapo, ulale na soksi. Kati ya vidole usipake, fangasi hupenda unyevu. Wembe uache kabisa.

Mwenye kisukari, au mwenye ufa unaotoa damu au usaha, asijitibu nyumbani, aende zahanati.