Bukavu na Watoto wa Mtakatifu Conforti

Bukavu, mashariki mwa Kongo, imekaa pale Mto Ruzizi unapotoka katika Ziwa Kivu, juu ya rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliweka kituo chao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 wakauita mji Costermansville, kwa kumkumbuka Paul Costermans, mmoja wa watawala wao, na katika miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Lakini Ukatoliki haukuanzia mjini. Ulianzia vijijini kwa Bashi: mwaka 1906 Mapadri Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie, walifungua misheni ya Nyangezi, upande wa kusini, kisha wakaenea hadi Katana, Burhale na kwingineko. Mwaka 1929 Roma iliunda vikarieti ya kitume ya Kivu, na mwaka 1959 Bukavu ikawa makao ya askofu mkuu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1958, walikuwa wamefika wamisionari wengine kutoka Parma, Italia. Waliitwa Wasaveri. Mwanzilishi wao alikuwa amefariki miaka 27 nyuma, na Kivu hakufika kamwe.

Guido Maria Conforti alizaliwa tarehe 30 Machi 1865 huko Ravadese, kijiji cha karibu na Parma, mtoto wa mwenye mashamba ambaye hakupenda mwanawe awe padri. Alipokuwa akienda shuleni alizoea kuingia katika kanisa la Mama Yetu wa Amani na kusimama mbele ya msalaba uliotundikwa humo. Ukubwani alisema wito wake ulitoka kwenye msalaba ule. (Kanisa kuu la Bukavu nalo linaitwa Notre-Dame de la Paix, Mama Yetu wa Amani. Imetokea tu, lakini mtu anayeifuata habari hii hawezi kuacha kuliona.) Baadaye akasoma maisha ya Fransisko Saveri, Mjesuiti aliyefariki mwaka 1552 kisiwani, China ikiwa mbele ya macho yake na hajaingia. Kijana akatamani kuimalizia safari ile. Aliwaandikia Wajesuiti, kisha Wasalesiani wa Don Bosco, asipate njia. Tena mwili ulimkatalia: alianza kuanguka kifafa akiwa seminarini, hata upadrisho wake ukacheleweshwa mpaka Septemba 1888.

Kwa kuwa hakuweza kwenda, alitafuta wa kuwatuma. Tarehe 3 Desemba 1895, sikukuu ya Fransisko Saveri, padri huyo wa miaka 30 alianzisha Parma seminari ya kuandaa wamisionari, na mwaka 1899 wawili wa kwanza wakasafiri kwenda China. Yeye mwenyewe alifanywa askofu mkuu wa Ravenna mwaka 1902, akajiuzulu miaka miwili baadaye kwa sababu ya afya, kisha tangu 1907 akaliongoza jimbo la Parma hadi kifo chake tarehe 5 Novemba 1931. China aliiona mara moja tu, mwaka 1928, kama baba aliyekwenda kuwajulia hali wanawe. Wanaosimulia maisha yake hupenda kukaa sana kwenye ndoto ya China. Ukweli ni kwamba siku zake nyingi zilipita katika ziara za parokia, mafundisho ya katekisimu na barua. Ni mtakatifu wa wamisionari aliyeishi maisha ya askofu wa nyumbani.

Wakomunisti waliposhika China mwaka 1949, wamisionari wa kigeni walifukuzwa mmoja baada ya mwingine. Shirika lililoundwa kwa ajili ya nchi moja likajikuta halina nchi. Likagawanyika: Sierra Leone, Indonesia, Pakistani ya Mashariki ambayo leo ni Bangladesh, Brazil, na hatimaye Kongo. Kwa maneno mengine, Kivu iliwapata Wasaveri kwa sababu mlango wa mbali ulifungwa.

Uwanja wao mkubwa ulikuwa kusini mwa Bukavu: bonde la Ruzizi, Uvira, na mwambao wa Tanganyika mpaka Baraka na Fizi kwa Wabembe. Kutoka Bukavu hadi Uvira ni kilomita zipatazo 120, na barabara ya zamani inashuka milima ya Ngomo kwa kona zinazotisha hata dereva mzoefu. Miaka miwili tu baada ya kufika kwao, Kongo ilipata uhuru, na vurugu zikafuata. Tarehe 16 Aprili 1962 liliundwa jimbo la Uvira, na Danilo Catarzi, Msaveri, akawa askofu wake wa kwanza.

Mwaka 1964 uasi wa Simba, ambao watu wengi wa huko huuita vita vya Mulele, uliikumba nchi yote ya mashariki. Uvira ilianguka mwezi Mei. Bukavu ilishambuliwa Agosti, lakini askari wa Kanali Léonard Mulamba waliwarudisha waasi nyuma. Askofu Catarzi na wenzake wa Uvira walikaa mateka hadi Oktoba, jeshi la serikali lilipoukomboa mji wao. Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Kisha, tarehe 24 Novemba, makomando wa Ubelgiji walishushwa kwa ndege za Marekani huko Stanleyville, Kisangani ya leo, na hasira dhidi ya Wazungu ikapanda kila mahali waasi walipokuwa.

Siku nne baadaye, alasiri ya tarehe 28 Novemba 1964, gari la waasi lilisimama mbele ya misheni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin, wa miaka 30, aliamriwa apande. Akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, wa miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha. Alitoka, akapiga magoti kando ya mwili wa mwenzake, akauawa papo hapo. Usiku ulipoingia gari lilifika Fizi. Padri Giovanni Didoné, wa miaka 34, alifungua mlango akapigwa risasi, na baada yake Abbé Albert Joubert, wa miaka 56.

Joubert anastahili kutazamwa peke yake, kwa maana habari hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni ya Waitaliano watatu na mwenzao. Alizaliwa mwaka 1908 Mrumbi, karibu na Moba, kwenye mwambao uleule wa Tanganyika. Baba yake alikuwa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa na aliyekuja kulinda misheni za ziwani dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika. Albert alipata upadri mwaka 1935, Wasaveri wakiwa bado hawafikirii Kongo. Hakuwa wa shirika lao. Alikuwa padri wa jimbo, na katika wale wanne ndiye pekee aliyekufa katika nchi aliyozaliwa.

Mwaka uliofuata mauaji ya Baraka na Fizi, ng'ambo ya Ruzizi nchini Burundi, msichana wa miaka 12 aliyekuwa na saratani ya kongosho alipona baada ya watu kumwomba Conforti amwombee. Uponyaji huo ndio Roma iliokubali kuwa muujiza, na tarehe 17 Machi 1996 Papa Yohane Paulo II akamtangaza mwenyeheri. Mwaka uleule, tarehe 29 Oktoba, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliuawa mjini, eneo la Nyawera, jeshi la waasi likiingia kutoka upande wa Rwanda. Alikuwa Mjesuiti, ndugu wa shirika la Fransisko Saveri mwenyewe, na amezikwa kwenye kanisa kuu la Mama Yetu wa Amani.

Papa Benedikto XVI alimtangaza Conforti mtakatifu tarehe 23 Oktoba 2011. Damu ya jamaa yake ya kiroho ilimwagika tena Septemba 2014, masista watatu wa Kisaveri walipouawa Kamenge, Bujumbura; wote walikuwa wamewahi kutumika Kongo. Tarehe 18 Agosti 2024 Kardinali Fridolin Ambongo aliadhimisha misa huko Uvira, na Faccin, Carrara, Didoné na Joubert wakaingizwa katika orodha ya wenyeheri.

Bukavu kwenyewe shirika lina nyumba zake, ambamo vijana wa Kongo na Burundi hupata malezi ya kitawa. Wanapopata upadri, wengi hawabaki. Kanuni aliyoiacha Conforti inataka Msaveri atumwe nje ya nchi yake, kwa watu ambao hawajaisikia Injili, na hivyo vijana wa Kivu hupanda ndege kwenda nchi nyingine za Afrika, Asia na Amerika.